Lugha ya Gulioni na Lugha ya Ofisini: Kiswahili, Lugha za Jamii na Suala la Uraia katika Miji Midogo ya Wakulima ya Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika miji midogo ya wakulima iliyomo wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba katika wilaya hizi mbili zinazopakana Kiswahili kinafanya kazi mbili zinazotofautiana. Huko Biharamulo Kiswahili ni lugha inayowaunganisha majirani wasioelewana kwa lugha zao za kwanza. Huko Ngara, ambako majirani wengi wanaelewana bila msaada wake, Kiswahili ni lugha ya kukutana na dola. Kutokana na tofauti hiyo, na kutokana na historia ya mpaka, Kiswahili kimegeuzwa kuwa kipimo cha uraia. Makala yanaonyesha kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kiisimu wala wa kisheria.

1.0 Utangulizi

Tafiti za isimujamii kuhusu Kiswahili nchini Tanzania zimeelekea zaidi upande wa miji mikubwa, hasa Dar es Salaam, au upande wa vijiji ambamo lugha moja ya jamii inatawala. Mji mdogo wa wakulima haukupewa nafasi inayostahili. Kwa mji mdogo tuna maana ya makazi yaliyokua kandokando ya barabara, njiapanda, kituo cha misheni au kituo cha mpakani, ambamo wakazi walio wengi bado wanategemea jembe, lakini wana maduka, mashine za kusaga nafaka, zahanati, shule, gulio la kila wiki na ofisi ya serikali. Mkazi wa mji wa namna hii si mwanakijiji kamili wala si mwanamji kamili. Asubuhi yuko shambani, mchana yuko dukani, na jioni yumo katika kikao cha kitongoji.

Mfumo wa matumizi ya lugha Tanzania mara nyingi umeelezwa kwa kielelezo cha ngazi tatu alichokieleza Abdulaziz Mkilifi mwaka 1972. Katika kielelezo hicho lugha za jamii ziko chini, Kiswahili kiko katikati na Kiingereza kiko juu. Kielelezo hiki kimetufaa sana, na hatukusudii kukitupa. Hata hivyo, kinachukulia kwamba kila ngazi ina kazi ileile mahali pote nchini. Makala haya yanadai kwamba ngazi ya kati, yaani ile ya Kiswahili, hubadilika kazi kulingana na uhusiano uliopo baina ya lugha za ngazi ya chini. Pale lugha hizo zinapokuwa mbalimbali, Kiswahili ni daraja. Pale zinapokuwa karibu sana, na hasa zinapovuka mpaka wa nchi, Kiswahili kinaelekea kuwa lango lenye mlinzi.

Suala hili lina uzito kupita ule wa nadharia. Katika wilaya za mpakani, namna mtu anavyotamka neno inaweza kuamua kama ataandikishwa au ataulizwa maswali zaidi, na pengine kama atabaki au ataondoshwa. Ikiwa taaluma yetu ina la kusema juu ya jambo hilo, haina budi kulisema waziwazi.

2.0 Mazingira ya Kijiografia na Kihistoria

Wilaya ya Ngara imo katika pembe ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ikipakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba, maharage, mahindi na kahawa. Mto Ruvubu unaikata wilaya hii kabla ya kuingia katika mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa jadi, upande wa magharibi wa Ruvubu ni Bugufi, nchi ya Wahangaza, na upande wa mashariki ni Bushubi, nchi ya Washubi. Biharamulo, kwa upande wake, ni nchi pana zaidi, yenye misitu ya miombo na nyanda zinazoshuka kuelekea Ziwa Viktoria, na humo hulimwa mahindi, mihogo, mpunga, pamba na tumbaku. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, kila wilaya ilikuwa na wakazi zaidi ya 320,000. Sehemu ya mashariki ya Biharamulo ya zamani ilikwisha kutengwa kuwa wilaya ya Chato, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Geita.

Historia ya mpaka ndiyo ufunguo wa mjadala huu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi, na watawala wake walikuwa na uhusiano na ufalme wa huko. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mwaka 1919 jinsi ya kugawana koloni la Ujerumani la Afrika ya Mashariki. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, lakini Gisaka, iliyo mashariki mwa Rwanda, pamoja na Bugufi zikabaki upande wa Waingereza. Baadaye Gisaka ilirudishwa Rwanda, mwanzoni mwa mwaka 1924. Bugufi haikurudishwa. Hivyo Wahangaza wakawa watu wa Tanganyika kwa uamuzi uliofanyika mbali nao, na lugha yao ikakatwa kutoka katika jamaa yake kwa mstari wa ramani.

Biharamulo ina historia nyingine. Nchi ya Rusubi, ambayo ndiyo kiini cha wilaya hii, ilikuwa sehemu ya eneo pana la falme za Wazinza. Watu wake waliishi mbalimbali, na katika enzi ya ukoloni ugonjwa wa malale ulifanya sehemu kubwa ya misitu isikalike. Baadaye, ardhi ilipopungua kwingineko, wilaya hii ilipokea wakulima na wafugaji kutoka Usukuma, Buha, Buhaya na Usumbwa. Kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwakusanya watu hao kandokando ya barabara, na humo ndimo ilimoota miji midogo tunayoiona leo. Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura ziko kwenye barabara inayotoka Kahama kuelekea Rusumo. Nyakanazi ni mahali ambapo barabara ya Kigoma inachepuka, na Lusahunga ni mahali ambapo ile ya Biharamulo na Bukoba inachepuka. Upande wa Ngara, Rulenge ulikua kwa misheni, Kabanga kwa mpaka wa Burundi, na Benako kwa njiapanda ya Rusumo. Jina la Benako lenyewe ni ushahidi wa namna miji hii inavyozaliwa, kwani linatokana na jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyoweka kambi yake hapo.

3.0 Lugha Zinazohusika na Uhusiano Wake

Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kinyarwanda, Kirundi, Kishubi, Kihangaza na Kiha zimo katika kundi moja, lile la D60. Kihaya, Kinyambo na Kizinza zimo katika kundi la E20, nazo Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa katika kundi la F20. Kwa hiyo mstari unaotenganisha makundi haya hauendi sambamba na mpaka wa nchi. Unapita ndani ya Tanzania, na kwa kiasi kikubwa unapita baina ya Ngara na Biharamulo.

Tofauti hizo zinaweza kuonekana hata katika neno moja la kawaida:

(1) Kirundi: umuntu
    Kinyarwanda: umuntu
    Kihaya: omuntu
    Kisukuma: munhu
    Kiswahili: mtu

Kundi la D60 lina irabu tangulizi u- pale ambapo Kihaya kina o-. Kisukuma, katika umbo hili, hakina irabu hiyo, tena kina sauti nh mahali pa nt. Mfano mwingine ni wa Kanuni ya Dahl, ambayo kwayo kipasuo kisoghuna cha kiambishi hugeuka ghuna kikifuatwa na konsonanti isiyo ghuna:

(2) Kirundi: igitoke
    Kihaya: ekitoke

Mkulima wa Bugufi anayezungumza na jamaa yake wa ng'ambo ya mpaka habadilishi lugha. Anabadilisha lafudhi na maneno machache. Baina yao pana mwendelezo wa lahaja, yaani mfuatano wa namna za usemi ambamo kila kijiji kinaelewana na jirani yake bila ya kuwapo mahali ambapo mtu anaweza kusema kwamba hapa lugha moja inakwisha na nyingine inaanza. Majina ya lugha katika hali kama hii hufuata majina ya nchi za jadi na ya mataifa ya kisasa zaidi ya kufuata mipaka ya kuelewana.

Katika mji mdogo wa Biharamulo hali ni tofauti kabisa. Msukuma na Mha wakikutana kila mmoja na lugha yake hawawezi kufanya biashara. Kizinza na Kisubi vinaweza kueleweka kwa Mhaya kwa kiasi fulani, lakini si kwa Msukuma. Hapo uchaguzi ni mmoja tu: ama mmoja ajifunze lugha ya mwenzake, ama wote wawili watumie Kiswahili.

Ikumbukwe kwamba tangu sensa ya mwaka 1967 swali la kabila halikuulizwa tena katika sensa za Tanzania. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake ya kisiasa, lakini umeacha pengo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulifanya kazi kubwa ya kuliziba pengo hilo kwa ngazi ya taifa. Kinachobaki ni uchunguzi wa kina wa mji mmoja mmoja.

4.0 Mgawanyo wa Matumizi ya Lugha

4.1 Gulioni na mashineni

Gulio ndilo moyo wa mji mdogo. Wakulima huleta maharage, ndizi, mihogo na mahindi. Wanunuzi huja na malori kutoka Kahama, Mwanza na kwingineko. Shughuli ya gulio ina sehemu mbili zinazotofautiana kilugha. Sehemu ya kwanza ni ya kusalimiana, kuulizana habari za nyumbani, kuonja na kusifia. Sehemu hii hufanyika kwa lugha ya jamii pale wahusika wanapokuwa nayo kwa pamoja. Sehemu ya pili ni ya kipimo na bei, nayo huelekea Kiswahili hata baina ya watu wa lugha moja. Debe, gunia, kilo na lumbesa ni maneno ya Kiswahili cha biashara, na hesabu ya maelfu ya shilingi mara nyingi husemwa kwa Kiswahili katikati ya sentensi ya Kihangaza au Kisukuma. Si kwamba lugha za jamii hazina hesabu. Zinayo. Lakini fedha, mizani na risiti vililetwa na dola na soko la mbali, navyo vikaja na maneno yake.

Mkondo wa maneno hauendi upande mmoja tu. Neno butura, linalotaja desturi ya mkulima kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya chini kwa sababu ya shida ya fedha, ni la lugha za Kagera. Leo linasikika katika hotuba za viongozi na katika magazeti ya Kiswahili, kwa kuwa hakuna neno la Kiswahili sanifu linalobeba maana hiyo yote. Mji mdogo hapa haupokei tu Kiswahili kutoka juu, bali unakilisha.

4.2 Ofisini, shuleni na zahanatini

Ofisi ya mtendaji wa kata, shule ya msingi na zahanati ni mahali pa Kiswahili kwa kanuni na kwa mazoea. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Aidha, baina ya miaka 1968 na 1972 mikoa ya Kanda ya Ziwa, ukiwamo wa Ziwa Magharibi ulioitwa Kagera tangu 1979, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Mradi huo ulifundisha kusoma kwa kutumia vitabu vya ukulima wa pamba, migomba na ufugaji. Kwa wakulima wengi wa kizazi hicho, herufi ya kwanza waliyoiandika ilikuwa ya neno la Kiswahili linalohusu shamba. Ndipo yalipoenea maneno kama pembejeo, mbolea na bwana shamba.

Hata hivyo, kusoma kitabu cha pamba si sawa na kujieleza mbele ya ofisa. Umilisi wa Kiswahili katika mji mdogo haukugawanyika sawasawa. Wanaume waliosafiri, wafanyabiashara na vijana waliosoma wana umilisi mpana. Wazee, na hasa wanawake wazee waliobaki shambani, mara nyingi wana Kiswahili cha gulioni: wanajua bei, salamu na maneno ya zahanati, lakini hawajazoea kusimulia, kubisha hoja wala kujitetea kwa lugha hiyo. Tutaona kwamba tofauti hii ina matokeo mazito.

4.3 Ibadani

Dini nayo imechangia. Jimbo Katoliki la Rulenge chini ya Askofu Christopher Mwoleka, aliyejulikana kwa kuunga mkono siasa ya Ujamaa na kwa kuishi katika kijiji cha ujamaa, lilikuwa miongoni mwa yaliyosisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Majirani hukutana nyumbani, husoma Maandiko kwa Kiswahili, kisha huyazungumza kwa lugha wanayoielewa zaidi. Hapa Kiswahili na lugha ya jamii havishindani. Vinapokezana ndani ya kikao kimoja, na kila kimoja kina heshima yake.

5.0 Kazi Mbili za Kiswahili

Sasa tunaweza kulinganisha wilaya hizi mbili kwa uwazi zaidi. Katika mji mdogo wa Biharamulo, mtu asiyejua Kiswahili anakosa majirani. Hawezi kuazima jembe kwa mtu wa kabila jingine, wala kumweleza mwenye ng'ombe kwamba mifugo yake imeingia katika mahindi. Kiswahili hapo ni hitaji la kila siku, na watoto wanaozaliwa katika ndoa za makabila mawili wanakipata nyumbani kama lugha ya kwanza. Kwa sababu kila mtu ni mgeni kwa kiasi fulani, Kiswahili hakimtambulishi mtu yeyote kuwa mgeni.

Katika mji mdogo wa Ngara, mtu asiyejua Kiswahili vizuri hakosi majirani. Anaweza kulima, kuuza, kuoa, kuzika na kupatanishwa kwa Kihangaza au Kishubi, na hata kwenda ng'ambo ya mto akaeleweka. Anachokosa ni dola. Kiswahili kwake ni lugha ya kodi, ya mahakama, ya kitambulisho na ya kizuizi cha barabarani. Basi ujuzi wa Kiswahili, ambao huko Biharamulo ni alama ya ujirani, huku unasomwa kama alama ya utaifa. Kadiri lugha ya nyumbani inavyofanana na ile ya ng'ambo, ndivyo Kiswahili kinavyotakiwa kufanya kazi ya kutenganisha, kazi ambayo hakikuundiwa.

6.0 Miaka ya Wakimbizi

Hali hiyo ilitiwa uzito na matukio ya miaka ya 1990. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 1993, maelfu ya Warundi walivuka mpaka. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja. Benako ikageuka kutoka njiapanda kuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani wakati huo. Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda walio wengi walirudishwa kwao, na kambi za Warundi, kama ile ya Lukole, ziliendelea kuwapo hadi katika muongo uliofuata.

Kilugha, kipindi hicho kilikuwa na athari tatu. Kwanza, mjuzi wa Kihangaza au Kishubi aliyejua pia Kiswahili na Kiingereza alipata thamani mpya, kwani mashirika yalihitaji wakalimani. Kwa muda mfupi ngazi ya chini kabisa ya kielelezo cha Mkilifi ikawa na soko la ajira. Pili, maneno ya kambi yaliingia katika usemi wa mji. Turubai la plastiki liliitwa shitingi, neno lililotumika pande zote mbili za mpaka. Tatu, na hili ndilo kubwa, mfanano wa lugha ambao zamani ulikuwa jambo la kawaida la ujirani ulianza kutiliwa shaka. Lugha iliyokuwa ya shangazi na wajomba ikawa lugha inayofanana na ya mkimbizi.

Liisa Malkki, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 1995 juu ya wakimbizi wa Kirundi wa mwaka 1972, alionyesha kwamba walioishi katika makazi ya Mishamo walijenga utambulisho mmoja mkali wa taifa lililoko uhamishoni, ambapo walioishi katika mji wa Kigoma walitumia utambulisho mbalimbali kulingana na mahitaji ya siku. Tunachojifunza hapo ni kwamba katika mji wa mpakani uchaguzi wa lugha ni mbinu ya kuishi. Mtu anayejificha atajitahidi kusema Kiswahili kizuri, na raia asiye na sababu ya kujificha hatajitahidi.

7.0 Lugha kama Ushahidi wa Uraia

Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kwa lengo la kuwaondosha wahamiaji wasio na vibali na kukomesha ujambazi. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengine kabla ya operesheni yenyewe kuanza, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamekaa nchini kwa miaka mingi sana. Katika muongo huohuo zoezi la vitambulisho vya taifa lilianza, nalo katika wilaya za mpakani linahitaji uhakiki wa asili ya mwombaji. Hatukusudii kujadili hapa haki ya dola kulinda mipaka yake. Swali letu ni la kiisimu: je, usemi wa mtu unaweza kuthibitisha au kukanusha uraia wake katika mazingira haya? Tunajibu kwamba hauwezi, kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni ile ya mwendelezo wa lahaja. Ikiwa Kihangaza ni lugha ya Tanzania, na hakuna shaka kwamba ni lugha ya Tanzania, basi kufanana kwa usemi wa mtu na Kirundi ni jambo linalotarajiwa kwa raia wa Bugufi. Ushahidi unaotarajiwa kwa raia na kwa asiye raia kwa pamoja si ushahidi wa chochote.

Sababu ya pili inahusu matamshi. Inadhaniwa na wengi kwamba anayechanganya r na l katika Kiswahili, akisema kura mahali pa kula, ni mtu wa ng'ambo. Ukweli ni kwamba lugha nyingi za Kanda ya Ziwa hazitofautishi sauti hizi kama Kiswahili kinavyofanya. Kisukuma, kwa mfano, kina l tu. Athari ya lugha ya kwanza katika sauti hizi inapatikana tangu Mwanza hadi Bujumbura, na haiwezi kumtenga Mtanzania na asiye Mtanzania.

Sababu ya tatu inahusu msamiati. Inaweza kudaiwa kwamba wingi wa maneno ya Kiswahili katika usemi wa mtu ni dalili ya kukulia Tanzania. Lakini tazama maneno haya ya Kirundi:

(3) isoko (soko), igitabo (kitabu), ishure (shule), ibiharage (maharage)

Yote yametoka katika Kiswahili, nayo yametumika Burundi kwa muda mrefu. Kiswahili kiliingia nchi za maziwa kwa njia ya misafara, utawala wa Wajerumani, biashara na dini, bila kusubiri mipaka ya leo. Isitoshe, Kiswahili kina wazungumzaji wa siku nyingi katika mitaa ya Bujumbura, na Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wako pia wakimbizi wa zamani na watoto wao waliokulia Tanzania, ambao Kiswahili chao hakina tofauti na cha majirani zao. Miongoni mwao wapo Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi la mwaka 1972 ambao uraia wao ulikamilishwa mwaka 2014. Hivyo kipimo cha Kiswahili kinaweza kumpitisha asiye raia na kumzuia raia.

Sababu ya nne ni ya kisheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza miongoni mwa masharti ya mtu anayeomba uraia wa tajinisi. Haiutaji kuwa sharti la raia wa kuzaliwa. Raia wa kuzaliwa ni raia hata akiwa bubu. Kwa maneno mengine, sheria imeiweka lugha mahali pake, yaani kwa mgeni anayeomba kuingia, na si kwa mwenyeji anayeulizwa kwake ni wapi. Kumdai bibi wa Bugufi Kiswahili fasaha ili aaminiwe ni kumtendea mwenyeji kama mwombaji.

Hapa ndipo suala la umilisi usio sawa tulilolitaja katika sehemu ya 4.2 linapokuwa zito. Tuchukulie mfano wa kubuni. Mzee wa kike anafika mbele ya dawati la uandikishaji. Anaulizwa amezaliwa wapi, lini, na wazazi wake walitoka wapi. Kiswahili chake cha gulioni hakimpi maneno ya kusimulia ukoo. Anajibu kwa kifupi, anachanganya lugha, anasita. Karani ambaye anatoka mkoa mwingine anausikia usitaji huo kama uongo. Nyuma ya mwanamke huyo amesimama kijana mfanyabiashara wa ng'ambo aliyejifunza Kiswahili barabarani. Anajibu upesi na kwa ufasaha. Kwa kipimo cha lugha, kijana ndiye raia. Kwa sheria, ni yule mama. Kosa hapa si la karani peke yake. Ni la dhana, iliyozoeleka mno, kwamba lugha ya taifa ni sawa na cheti cha kuzaliwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mji mdogo wa wakulima ni uwanja wenye mpangilio wake wa lugha, na kwamba nafasi ya Kiswahili katika mpangilio huo hutegemea ukaribu wa lugha zinazokizunguka. Biharamulo imeonyesha Kiswahili kikiwa daraja la ujirani, na Ngara imekionyesha kikiwa lango la dola. Kielelezo cha ngazi tatu kinahitaji kuongezewa kigezo hiki ili kiweze kueleza hali ya wilaya za mpakani, si za Kagera tu, bali hata za Kigoma, Ruvuma, Mbeya na Mara.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza zinahitaji kuandikiwa sarufi, kamusi na maelezo ya lahaja yanayoweza kufikiwa na watu wote, kwani lugha isiyoandikwa ni rahisi kuitwa ya kigeni. Pili, pale maofisa wanapowahoji wakazi wa mpakani, wahojiwa wapewe nafasi ya kusema kwa lugha wanayoimudu, na uamuzi utegemee ushahidi wa majirani, wa ardhi, wa ukoo na wa kumbukumbu za kijiji. Tatu, wanafunzi wetu wa shahada za juu wanaotoka katika wilaya hizi watiwe moyo kufanya utafiti katika miji yao wenyewe. Wao wanajua tayari yale ambayo mtafiti mgeni angehitaji miaka kuyajua.

Kiswahili kimewaunganisha Watanzania kwa sababu kilikuwa cha kila mtu na hakikumdai mtu ukoo wake. Sifa hiyo ndiyo inayokiwezesha Kiswahili kumpokea Msukuma na Mha katika gulio moja la Nyakanazi. Kukitumia ili kumwuliza Mhangaza kama kweli ni wa hapa ni kukiondolea sifa hiyo, na ni hasara kwa Kiswahili chenyewe kama ilivyo kwa Mhangaza.